Modest Bundala, Mwalimu Aliyezuia Maji

Mapadre, wazee wa Chemchem na Mtendeni, wafanyakazi wa karakana, na ninyi vijana mliojipanga ukutani, familia imempa Veneranda huyu mnayemsikia, dada mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Modest Bundala, kwanza kwa sababu ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka akitambaa, na pili kwa sababu humu katikati kuna habari ambayo wanaume wa ukoo walitaka irukwe, wakati marehemu mwenyewe aliagiza, kwa sauti kidogo aliyobakiwa nayo, kwamba kama jina la Ambrosi halisomwi, basi na lake lisisomwe.

Modest alizaliwa Ntalikwa tarehe 4 Machi 1912, mtoto wa tatu wa mzee Bundala na mama Apolinaria, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia Tabora na watu wakakimbilia porini, alibebwa mgongoni na dada yake huyuhuyu, akilia kiu njia nzima, na kila alipolia alipewa maji. Alilelewa na babu yetu Lugembe, aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo kabla reli haijafika, naye babu alikuwa akituambia kibarazani kwamba mpagazi wa kweli hatui mzigo wala hanywi maji mpaka afike kambini, kwa kuwa maji ya njiani hulegeza magoti. Dada yake aliyasikia maneno hayo akayaacha palepale kibarazani, maana ndiye aliyemchotea babu maji na alijua mtungi ulivyokuwa ukiisha, lakini Modest aliyabeba.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1921 hadi 1925, akafundishwa kusoma, hesabu na mpira, na katika hayo matatu alifaulu moja. Mwaka 1927 aliajiriwa karakana ya reli, upande wa maseremala, akabaki huko hadi ugonjwa ulipomtoa. Tarehe 12 Mei 1934 alifunga ndoa na Katarina, aliyepo hapa, wakajaliwa watoto watatu, Leonia mwaka 1936, Anton 1939, na Flavia 1943.

Mwaka 1938 alianzisha timu ya vijana wa Chemchem, akawakusanya wavulana waliokuwa wakizurura sokoni, akawashonea mpira wa ngozi kwa mkono wake, hakumpiga hata mmoja, na baada ya mazoezi alimfikisha kila mtoto mlangoni kwao kabla ya giza kuingia. Ila mechi kwake ilikuwa safari ya wapagazi, kipyenga cha mwisho alikiita kambini, na siku ya mechi mchezaji hakunywa tone tangu asubuhi mpaka kipyenga hicho kilie. Timu ilikuwa ikishinda, kwa hiyo hakuna aliyeuliza, na wazee waliomsifu mpaka akavimba kichwa wamo humu ndani.

Jumapili tarehe 16 Oktoba 1949, saa nane mchana, jua la Oktoba mnalijua, timu ilicheza na vijana wa Nzega. Ambrosi, winga wa miaka kumi na minne, alikuwa mtoto pekee wa Bertila, mjane wa Mtendeni, na huyo mama alikuja mwenyewe hadi uwanjani akasema, "Mwalimu, huyu amelala na homa, leo mwache." Modest akamjibu huku akimtazama refa, "Mama Ambrosi, homa hutoka kwa jasho, acha aitoe." Kipindi cha pili mtoto alisogea kwenye mstari, midomo imekauka, akaomba maji, akaambiwa, "Kambini, baba, bado kidogo," na alipoanza kuyumba wenzake walimcheka, "Mpagazi gani huyu, hata Kwihara hapo jirani hajafika!" Alianguka karibu na bendera ya kona, watu wakadhani anategea, na alipofikishwa hospitali mwili wake ulikuwa ukiunguza mkono wa anayemgusa, akafa kabla ya jua kuzama.

Modest alikwenda matangani, akaketi chini pamoja na wanaume, na Bertila aliinuka mwenyewe, akachota maji kwa kikombe cha bati, akamletea kama alivyoletewa kila mgeni, akasema, "Kunywa, mwalimu, umeshafika kambini." Alikipokea kikombe, akakiweka chini kikiwa kimejaa, akaondoka.

Baada ya hapo aliacha mpira, akawa mtu wa karakana na kitanda, mpaka Januari 1951 Bertila alipopiga hodi hapa nyumbani na kumwambia mbele ya mkewe, "Kujifungia kwako hakumrudishi mwanangu, na watoto wanachezeshwa na wajinga wenzako ambao bado hawajaua mtu, rudi, ila mtungi uwe uwanjani." Alirudi, mtungi akaubeba mwenyewe, na kuanzia siku hiyo mtoto alikunywa alipotaka, aliyeamka na homa alikaa kivulini, neno la mama lilitosha bila ubishi, na radi ikinguruma mechi ilikwisha hata kama mshambuliaji wake amebaki na kipa peke yake. Alizomewa sana, "Wanywa maji hao! Waleteeni na uji!", na dada yake anawaona waliozomea kutoka hapa aliposimama. Mwaka 1954, kwenye fainali, alimtoa Eustace aliyekuwa akichechemea, kombe likaenda kwa wengine, watu wakamtukana hadi mlangoni, na hospitali wakakuta mfupa umepasuka, Eustace mwenyewe huyo hapo, amekuja kwa miguu yake miwili.

Jambo moja hakuliweza. Kila jioni akitoka kazini alipita Mtendeni, Bertila akamwita, "Karibu maji, mwalimu," naye akajibu, "Ahsante, mama, siku nyingine," na siku nyingine hizo alipewa nyingi, miaka mingi, akazimaliza zote.

Februari 1958 koo lilianza kumuuma, akatibiwa hospitali, akarudishwa nyumbani mwezi wa nane akiwa anameza uji mwepesi tu, na Jumapili tarehe 19 Oktoba alituma aitwe Bertila. Alikuja na kikombe kilekile cha bati. Tangu jana wapo wanaosema alikunywa, kwa kuwa inapendeza kusema hivyo, lakini hakunywa, maji hayakupita, yalirudi yote kifuani, na aliyemfuta ni dada yake. Bertila alisema tu, "Basi, mwalimu, nimeona umefungua mdomo." Alifariki Jumanne tarehe 21 Oktoba, asubuhi.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali, majirani waliolala hapa, wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza bila kuombwa, na Bertila, ambaye hakulazimika kuja na amekuja.

Tunamzika Ntalikwa, si karibu, na vijana wake wameomba kumbeba kwa mabega. Wazee wamesema jeneza halitui njiani. Marehemu alisema litue, chini ya kila mti wenye kivuli, na wabebaji wanywe, na aliyeamka na homa asibebe. Mtungi wa Bertila uko hapo mlangoni, kunyweni kabla hamjainua, mbele yetu, tuwaone.

Nawe Modest, mzigo wako sasa umebebwa na wengine, lala kwa amani.