Murhula Placide na chakula alichokatala

Ndugu na majirani, hii ni maisha ya Murhula Placide, mutoto wangu wa pili, mwenye tunazika leo. Mimi mama yake, Nsimire, njo niliandika. Kaka yake Grégoire alitaka kuondoa mambo fulani mbele iende kuchapwa kwa imprimerie. Nilikatala.

Alizaliwa Katana, tarehe 14 mwezi wa nane 1991, kwangu na kwa marehemu papa yake Stanislas.

Primaire alisoma Katana, secondaire hapa Bukavu; akapata diploma ya coupe-couture, kukata na kushona nguo, 2011. Alipendaka kula! Siku ya communion yake alimaliza sambaza zote za wageni, wale samaki wadogo wa ziwa, akasema: "Padri atakula bugali tupu, yeye amezoea kufunga." Padri mwenyewe alicheka mpaka machozi.

Alishona kwa soko ya Nyawera miaka kumi, uniforme za wanafunzi. Hakuna mzazi alirudisha suruali.

Alioa Laurette tarehe 22 mwezi wa saba 2017. Mungu aliwapa binti, Mapendo.

Ugonjwa ulianza 2021, na hatukuujua. Aliacha kuoga. Alifunga radio, akasema inataja jina lake. Alikuwa anacheka peke yake ku mashine ya kushona, anajibu watu wenye hatukuona. Sisi tulisema: amechoka.

Kisha akasema Laurette anamutilia karuho, ile sumu ya kuua polepole. Hapa Bukavu nani hataamini? Nilimupeleka Murhula kwa mama mmoja wa dawa ya kienyeji, akamutapisha mara tatu. Laurette alinipigia magoti: "Maman, hii si karuho. Iko mugonjwa ya kichwa. Tumupeleke hospitali." Nikamujibu: "Kwetu hakuna wazimu. Labda kwenu." Nikamufukuza, mutoto mugongoni, avenue nzima inatazama.

Nikaanza kumupikia Murhula mimi mwenyewe. Tarehe 3 mwezi wa pili 2024 nilimuwekea bugali. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Maman, hata wewe?"

Nikaonja mbele yake.

"Wewe umekwisha kunywa dawa ya kukukinga."

Tonge lilibakia mu mukono yangu. Laurette alikuwa amekwenda mwaka muzima, na Murhula alikuwa angali anaona sumu! Basi sumu haikukuwako.

Tulimufikisha hospitali akiwa mifupa, juu ya kukatala kula. Docteur Chantal akasema jina ya ugonjwa wa kichwa chake: schizophrénie. Kusikia sauti, kujitenga, kuogopa watu wa nyumba yako, hizo njo alama zake. Akasema iko na dawa, mutu anaweza kumeza na kushona mpaka uzee. Nikamuuliza mara mbili: "Dawa? Ya hospitali?" "Ndiyo, maman. Ila mwili wake umeishiwa."

Alikufa tarehe 19 ya mwezi ule ule, saa nne ya asubui. Miaka 32.

Anaacha Mapendo, anaacha kaka yake Grégoire, anaacha mimi. Anaacha muke wake Laurette, mwenye hakumutilia kitu hata siku moja. Laurette, toka kule nyuma. Nafasi ya mujane ni yako. Mimi nitakaa chini, pembeni yako, kama utakubali.

Murhula, lala na amani mwanangu. Hakuna mutu alikuchukia.