Bawabu wa Saa Moja Jioni

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tuliyemleta hapa leo, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, wengi wenu mlimwita Fundi Waya, na hata mama yake mzazi aliishia kumwita hivyo. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili na wa kiume pekee wa fundi cherehani na mkewe. Dada yake mdogo, anayewasomea haya, alimkuta tayari ni mbishi.

Shule ya msingi alianza mwaka 1968. Hakuwa wa kwanza darasani, na wala hakuwa na wasiwasi nalo. Alipokuwa darasa la tano aliifungua redio ya baba yake, akaitandaza yote mezani juu ya nguo za wateja, kisha akairudisha ilivyokuwa. Skrubu mbili zikabaki. Baba akamuuliza, "Na hizi?" Akajibu bila kupepesa macho, "Hizo zilikuwa za ziada." Redio ikaendelea kuimba miaka na miaka. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha ufundi wa simu.

Aliajiriwa na shirika la simu mwaka 1982. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo, kuvuta nyaya na kutafuta zilipokatika. Jua lilimchoma, nyigu walimuuma, na mara moja alianguka akavunjika mbavu. Haya yote aliyasimulia akitia chumvi, ila mbavu zilikuwa za kweli. Mwaka 2009 shirika liliamua kuachana na nyaya. Waliotumwa kuziteremsha ni walewale waliozipandisha. Alirudi nyumbani jioni ya kazi ya mwisho akaweka mkanda wake wa kupandia nyuma ya mlango, na siku nyingi alishinda ndani. Dada yake hakupata kumwona mnyonge kama siku zile.

Ndoa yake nayo ililetwa na waya. Alikuwa juu ya nguzo akijaribu laini ya hospitali, akapiga, na aliyepokea ni binti wa mapokezi. "Halo, unanisikia?" alipaza sauti. Akajibiwa, "Nakusikia mpaka huku dirishani, baba. Punguza kelele, kuna wagonjwa." Laini ile ikawa mbovu kila wiki, na fundi wake alikuwa yeye tu. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa binti, kisha mvulana.

Nyumba waliyojenga iko bondeni, nanyi mmeiona mlipokuja kutupa pole. Simu ya mkononi haishiki humo ndani. Ukitaka kuongea unapanda mpaka barabarani, ukasimame kwenye vumbi. Binti alipopata kazi ya unesi nchi ya mbali, mwaka 2017, mama yake alipanda kile kilima kila siku, mvua na jua. Hapo ndipo Fundi Waya alipoamka tena. Kuna ofisi ya wahasibu iliyokuwa ikitupa kompyuta zake ndogo za mezani, zile zenye unene wa kitabu. Akaokota moja. Akaisafisha vumbi kwa brashi ya rangi, akaiongezea tundu la pili la kebo ya mtandao na diski kubwa, akaiweka kwenye rafu ya ukumbini, juu ya mita ya umeme. Akafunga antena juu ya paa, akaielekeza kwenye mnara ng'ambo ya kilima. Tundu moja likapokea mtandao kutoka nje, la pili likaugawa nyumba nzima. Picha zote za ukoo akazitunza humo. Kompyuta ile akaiita Bawabu, kwa kuwa hakikuingia kitu wala kutoka bila kupita kwake.

Akaipa na sheria. Kila siku saa moja jioni hadi saa mbili, Bawabu alifunga mlango. Mtandao ulikatika ili watu wakae mezani, wale, watazamane. Kijana wake alilalamika mpira umefika patamu. "Mpira utakuambia ulikuwa wapi leo?" baba yake alimjibu. "Mimi nataka kujua." Neno la siri la kubadilisha sheria hiyo alilijua peke yake, na hakumpa mtu.

Tarehe 9 Februari 2023 alipatwa na kiharusi. Kikamnyang'anya mkono wa kulia, kikamnyang'anya na ulimi. Mtu wa domo vile akabaki na macho tu. Neno la siri likafungiwa humohumo kichwani. Kijana wake akaleta fundi wa mtandao, naye akasema ni kazi nyepesi, ataweka ruta ya dukani ya kugawa mtandao, na Bawabu atabaki na picha zake. Mke wa marehemu akakataa katakata. "Saa moja ni yake," alisema. "Hawezi tena kusema hata nataka maji. Mwacheni aamrishe hicho kimoja." Wote tukaona amesema la maana. Na kweli, kila jioni mtandao ulipokatika, mgonjwa alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Jumanne tarehe 12 Novemba pumzi yake ilibadilika. Daktari alikuja alasiri, akatuambia tusimhangaishe na safari. Kijana wake alikuwa safarini akirudi. Binti akapiga simu ya picha kutoka kazini kwake, akiwa bado na sare. Baba aliposikia sauti yake alifungua macho, na walikaa hivyo, yeye akiongea, baba akimtazama. Kisha akasema, "Baba, sikia, nataka kukwambia jambo." Uso wake ukaganda kwenye kioo. Ilikuwa saa moja.

"Mungu wangu, Bawabu," mama yao alisema. Kumchomoa kusingesaidia, maana mtandao wote ulipita humo. Akaipokonya simu kutoka kitandani, akatoka mbio kupanda kilima. Dada wa marehemu ndiye aliyebaki naye, na analisema wazi kwa sababu ameulizwa: kaka yake alijua ni Bawabu. Aliitazama saa ya ukutani, machozi yakamtoka, na mkono wa kushoto ukanyanyuka ukielekea ukumbini. Huko barabarani mama alimpata binti. Akashuka naye sikioni, na sauti ikakatika kabla hajafika mlangoni. Alipoingia, mumewe alikuwa ameshatutoka.

Alichotaka binti kumwambia ni kwamba ruhusa imetoka, anakuja Ijumaa. Alikuja Ijumaa.

Jana jioni, saa moja, mtandao ulikatika. Mama aliinuka kwenda kung'oa waya. Binti akamshika kanga. "Mama, mwache. Ni yeye."

"Si yeye," mama alisema. "Yeye angefungua." Kisha akamgeukia kijana wake. "Jumatatu mwite yule fundi. Nimechoka kuamrishwa na mtu nisiyeweza kumjibu."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja na mkewe, wajukuu wawili na dada yake mmoja.

Zimebaki jioni mbili, ya leo na ya kesho, na Bawabu atafunga mlango kama alivyoagizwa. Mjane wake amesema atakaa kwenye kiti kilicho karibu na kitanda, na saa moja ikifika, safari hii hatatoka nje.

Lala, Fundi Waya. Kazi umeimaliza.