Eufrasia Lahoz, Aliyekataza Mizizi Isichimbwe

Ndugu, jirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, mpendwa wetu Eufrasia Lahoz Gracián alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 hapa Villalbeta, mkoa wa Zaragoza, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ceferino, mchoma jasi, na mama Orosia, mfua sufu ya magodoro.

Alianza shule kwa masista mwaka 1942, akaiacha mwaka 1947 mama yake alipougua, akashika kazi ya kufua, na kazi hiyo ilimpeleka kila wiki kwenye miteremko myeupe ya korongo, ambako huota ule mmea ambao mzizi wake ukipondwa hutoa povu. Mama yake alimfundisha kukata mzizi upande mmoja tu, kurudisha udongo, na kulilaza upya lile gamba la kijivu la juu ya ardhi, uso wake ukitazama mbingu, maana bila gamba hilo udongo ule mweupe wa jasi haushiki mbegu wala mvua.

Tarehe 12 Oktoba 1957 alifunga ndoa na Blas Ansón, na kama ilivyo desturi yetu, shuka lake la harusi lilifuliwa kwa mzizi huo, likatunzwa sandukuni, ili siku ya mwisho lifuliwe tena vilevile na kumfunika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ramiro mwaka 1959 na Leoncia mwaka 1962.

Mwaka 1964 ilitangazwa kazi ya kupanda misonobari korongoni, kijiji kizima kikafurahi, Blas akaongoza matrekta yaliyoukwangua mteremko, na Eufrasia mwenyewe alibeba miche huku akiimba, jambo ambalo hakujisamehe hadi anakufa. Misonobari ilikauka yote, ile mimea yetu nayo haikurudi, wala zaatari, wala nyuki, pakabaki vumbi. Tangu hapo kila vuli alikusanya mbegu kwenye aproni kutoka vichaka vichache vya mmea ule vilivyosalia pembeni, akazimwaga mahali palipokwanguliwa, akitembea juu ya mawe asikanyage gamba, na mumewe, Mungu amrehemu, alizoea kumtania mbele za watu, "Wenzako wanapanda vitunguu, mke wangu, wewe unapanda magugu." Mama alicheka naye, kisha akarudi korongoni. Blas alitutoka tarehe 9 Juni 2003, na miaka mingi ya vuli ilipita mbegu zikifa, hadi masika ya mwaka 2017 alipoona miche imeshika, akaketi juu ya jiwe akalia kama mtoto.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa Zaragoza mara kadhaa, na Januari mwaka huu wa 2024 aliomba arudishwe nyumbani. Leoncia, aliyekuwa akimuuguza, alitoa shuka sandukuni na kumwambia mama yake asiwe na wasiwasi, mzizi atauchimba yeye mwenyewe. Mama alimshika mkono.

"Leoncia, mwanangu, mimi nitaoza, na hilo shuka litaoza. Ule mzizi uko hai, uache."

Leoncia alikasirika, tuseme ukweli, kwa sababu kumzika mama bila desturi hiyo aliona ni aibu mbele yenu. Mama alifariki dunia Jumamosi tarehe 17 Februari alfajiri, na jana asubuhi Leoncia alichukua kijembe akashuka korongoni, akasimama mbele ya ile miche kwa muda mrefu, kisha akarudi mikono mitupu, akafua shuka kwa sabuni ya dukani huku machozi yakimtoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, padri wetu, majirani waliopika na kukesha nasi, na bibi Teodosia Royo, wa mwisho kati ya wafuaji wenzake, aliyelikunja shuka hilo bila kusema neno la lawama. Mtakaoinama kumuaga mtasikia harufu ngeni kwake, msishangae, ndivyo alivyotaka.

Njia ya makaburini inapita kando ya mteremko, tunawaomba tukanyage mawe tu, hata wabeba jeneza, hata kama tutachelewa.

Mama, miche yako hatujaigusa, pumzika sasa kwa amani.