Filemoni Ntahondi, Opereta Aliyetunza Maneno ya Watu

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka Kalinzi, Ujiji na Kibirizi, tunayemsindikiza leo ni Filemoni Ntahondi. Alizaliwa Kalinzi tarehe 3 Machi 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Elieza Ntahondi na Bibi Marsiana, wakulima wa kahawa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1947. Mwalimu wake alizoea kusema kwamba Filemoni hakuwahi kumshtaki mwenzake, hata alipochapwa kwa kosa lisilo lake.

Mwaka 1950 aliajiriwa Kigoma kupeleka barua, na mwaka 1956 akatumwa Dar es Salaam kujifunza kazi ya kuunganisha simu. Aliporudi alikula kiapo cha kutotoa neno lolote lipitalo kwenye waya. Siku ya Uhuru alikuwa kazini, vifaa vya simu masikioni, akiunganisha salamu za furaha za watu wengine.

Tarehe 26 Julai 1958 alifunga ndoa na Klementina, mwalimu mwenye cheti cha chuo cha ualimu. Walijaliwa watoto wanne, wakaishi Gungu katika nyumba isiyojua umbea. Safari moja mkewe alimdadisi kuhusu simu ya jirani. Akajibu, "Mama Leonia, ugali unapoa."

Lipo jambo lililosemwa sana mjini, na familia imetaka lisemwe hapa ili lisemwe sawasawa. Februari 1973 Mzee Nikodemu, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, alimpigia simu nduguye aliyeko Dar es Salaam kumweleza kwamba ataikataa posa ya binti yake iliyoletwa na watu wa Rusimbi. Kabla jua halijazama, mshenga alikwisha kuzipata habari zote, pamoja na matusi yake. Mzee Nikodemu akaenda polisi. "Tulikuwa watatu," alisema, "mimi, ndugu yangu na opereta. Ndugu yangu yuko Dar. Nani amebaki?"

Sheria ilikuwa wazi: mtu wa simu akitoa maneno aliyoyasikia kazini, hufungwa. Filemoni alisimamishwa kazi. Klementina alipotokea bombani na ndoo yake, wanawake waliambiana, "Nyamazeni, waya umefika." Alichota maji, akawaaga kwa heshima, akaondoka.

Mahakamani mwendesha mashtaka alimtaka Filemoni aeleze alichokisikia siku ile. Alijibu, "Mheshimiwa, nikisema, nitakuwa nimetenda sasa hivi kosa ambalo sijalitenda." Watu walicheka, hakimu hakucheka. Aliamuru mahakama ihamie ofisi ya simu, opereta mwingine akae kazini, na Mzee Nikodemu ampigie nduguye kama alivyofanya siku ile.

Simu ya wateja ilikuwa juu ya kaunta, karibu na mlango. Laini ya Dar ilikuwa hafifu, na watu wetu wa ziwani wamezoea kuitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Mzee Nikodemu aliposikia sauti ya nduguye, kesi aliisahau.

"Haloo! Magoti yako vipi? Nasema magoti! Bado yamevimba? Basi yakande kwa maji ya moto!"

Ng'ambo ya barabara, Honorata, muuza mihogo, aliitikia bila kuinuka: "Na chumvi, Mzee! Bila chumvi hayasikii!"

Hapo hata hakimu alicheka. Alisema kwamba sheria imemfunga mdomo opereta, lakini haiwezi kumwadhibu kwa yale ambayo mwenye siri ameyatangaza mwenyewe hadi sokoni. Filemoni aliachiwa huru, akarudishwa kazini. Mzee Nikodemu alimshika mikono mbele ya watu wote: "Opereta, kumbe mwizi ni koo langu! Nisamehe, ndugu yangu." Jumapili iliyofuata alileta mbuzi Gungu, na wale wanawake wa bombani walikuja kusaidia kupika. Baadaye simu ile ilijengewa kibanda chenye mlango.

Mei 1977 moyo ulianza kumsumbua marehemu, akalazwa hospitali mjini. Hakuteseka sana, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Mzee Nikodemu alipokuja kumwona, aliinama akasema, "Opereta, leo nitanong'ona." Filemoni alicheka mpaka muuguzi akawakanya wote wawili. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Agosti 1977, akiwa usingizini.

Ameacha mama yake Bibi Marsiana, mjane wake Klementina, na watoto Leonia, Ignas, Margareta na Leodgar. Wapo waliomwuliza mjane, hata katika msiba huu, kama mumewe alimwachia walau siri moja ya miaka ile. Hakumwachia hata moja. Nyote mliowahi kupiga simu hapa Kigoma, rudini nyumbani bila hofu: maneno yenu ameyachukua. Mungu ampe utulivu ule aliowapa wengine.