Chupa Mliyoniletea

Bwana asifiwe. Eish, amina yenu leo ni ndogo! Haidhuru, mnajua nitasema nini.

Ndugu zangu, mliposikia nina kansa ya titi mlikuja kwangu, mtaa wa Doornfontein, mkajaa kwenye kochi, mkanililia kama maiti. Mmoja wenu, jina silitaji, akamuuliza mume wangu mbele yangu kama amefikiria kuoa tena. Mdomoni ana wali wangu.

Hospitali, dokta alinieleza kwamba kansa yangu inalishwa na homoni za kike. Walikuwa wanajaribu kidonge kipya, kinachoziba pale kansa inapopokelea hizo homoni, pamoja na sindano ya kuzima hedhi. Nikakubali kuingia kwenye utafiti. Ninyi mkasema, "Wamepata panya wao."

Hedhi ilipokoma mkachachamaa. "Mama, wanakumaliza uanamke!" Mkaniletea chupa ya dawa ya kurudisha hedhi, ile mnayowapa maharusi wanaochelewa kushika mimba. Mkaiombea, mkanisimamia mpaka nimeze. Damu ilipotoka mkapiga vigelegele hapa hapa kanisani.

Kipimo kilichofuata, uvimbe uliokuwa unasinyaa ulikuwa umeanza kukua. Sista mmoja wa Soweto, muuguzi wa utafiti ule, akaniuliza, "Mama, nyumbani unakunywa nini kingine?" Nikatoa chupa mkobani. Wakaipima.

"Hizi ni homoni zile zile," sista akasema. "Sisi tunainyima kansa chakula, ninyi mnailisha kwa kijiko."

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kukasirika vile. Ningeweza kutolewa kwenye utafiti, na dawa nyingine zilikuwa zimeshashindwa kunisaidia. Watoto wangu wangebaki na nani? Na ninyi? Nilipowaambia mkajibu imani yangu ni haba.

Chupa niliimwaga chooni. Sista akanitetea kwa madaktari nisitolewe, nikaendelea na kidonge. Leo uvimbe umesinyaa mpaka dokta anautafuta.

Namshukuru Mungu, dokta na yule sista. Namshukuru jirani yangu Mwislamu wa Tanga, aliyenisindikiza kila safari bila kuniuliza habari za hedhi yangu. Na mume wangu, ambaye hajaoa.

Somo ni fupi. Mgonjwa mpelekeeni chakula, dawa mwachieni daktari.

Na wewe dada uliyekaa humu, umegusa uvimbe kwenye titi lako ukanyamaza kwa kuwaogopa hawa: natoka sasa hivi kwa mlango ule. Nifuate. Kesho asubuhi tunakwenda wote hospitali, na usimuage mtu.