Benchi za Maganda za Zinovia Burlacu

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, funga bomba kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka Zinovia Burlacu wa kijiji cha Cotul Salciei, mama aliyetengeneza mbao kwa maganda ya alizeti. Tulimzika Alhamisi.

Ndiyo, nimesema maganda ya alizeti. Yaleyale tunayoyatafuna na kuyatema mchana kutwa.

Zinovia alikuwa mhandisi wa kiwanda cha plastiki. Kiwanda kilipofungwa, alirudi kijijini na mashine moja ya kuyeyushia, akaiweka kwenye zizi la ng'ombe. Alisaga kreti kuukuu za zabibu, akaziyeyusha, akachanganya na maganda yaliyosagwa, kisha akagandamiza kwenye kalibu mpaka ukatoka ubao.

"Plastiki peke yake hujipinda juani," alimwambia bintiye, Tinca. "Maganda ndiyo mifupa yake."

Alikuwa na sababu. Benchi ya mti kwenye kaburi la mumewe, Ilarion, ilikuwa imeoza. Na nyinyi mnajua Pasaka ya Marehemu ilivyo kwetu: unakaa makaburini na wafu wako, unakula nao. Zinovia aliona aibu kumlilia mumewe akiwa amesimama kama mgeni asiyekaribishwa.

Mwanzoni alichukua maganda kwenye kinu cha kukamulia mafuta, safi, makavu. Benchi zikawa imara, kijiji kizima kikazitaka. Halafu kinu kikaanza kuchoma maganda yake chenyewe kwenye boila. Zinovia akaenda dukani akawaambia watu: jamani, msiteme chini, nileteeni mimi.

Wakaleta, tena kwa ndoo. Wa kwanza alikuwa mzee Serafim, msimamizi wa harusi yake.

"Shika, binti yangu," alimwambia. "Humo mna mate ya kijiji kizima. Tukigombana tu, mbao zako zinapasuka!"

Walicheka sana siku hiyo.

Mate hayakuwa tatizo. Hukauka. Tatizo, wasikilizaji wapendwa, ni chumvi. Sisi alizeti tunaikaanga na chumvi, nyingi tu. Chumvi ikiingia kwenye ubao inabaki humo, inavuta unyevu. Na Zinovia alilijua hilo.

Tinca ameniambia hivi: "Nilimwambia, mama, yaoshe kwanza. Akasema kisima kimepungua na Pasaka imefika, watu watakaa wapi? Nikamwachia. Yeye ndiye mhandisi."

Pasaka hiyo benchi zilipendeza, zikakaliwa. Ukapita mwaka. Unyevu ukavimbisha mbao, majira ya baridi ukaganda barafu, ukazipasua kwa ndani, na kwa nje hazikuonyesha kitu. Pasaka iliyofuata mzee Serafim aliketi, glasi ya divai mkononi, akiwaombea wafu wake. Benchi ikakatika. Mzee akavunjika nyonga.

Watu waling'oa benchi zote. Zote, hata zile za mwanzo zilizokuwa nzima! Wakazirusha nyuma ya uzio wa makaburi. Mama mmoja akasema dukani, kwa sauti: "Katukalisha kwenye takataka, na wafu wetu wanatazama." Zinovia alikuwa hapo hapo, ananunua mkate. Akalipa, akatoka.

Alimpelekea Serafim supu, akamwomba radhi. Mzee akageukia ukutani.

"Baba, nikitengeneza upya, utakaa?"

"Kaa wewe."

Basi akaanza upya. Aliosha maganda kwa maji mara tatu, baridi kali, mikono ikapasuka. Watu hawakuacha kumwachia ndoo mlangoni, ila walikuja kimyakimya, bila hodi. Akatengeneza benchi moja tu, akaiweka kwa Ilarion. Pasaka iliyopita aliikalia peke yake. Hakuna aliyesogea hapo, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo. Kisha moyo wake ukachoka.

Alhamisi, baada ya kumzika kando ya mumewe, Serafim alikuja na mkongojo wake. Sote tulikuwa tumesimama. Akaitazama benchi. Akaketi, kwa uzito wake wote. Benchi haikulia hata kidogo.

Tinca akamuuliza, "Babu, mbona hukuja akiwa hai?"

"Nilitaka aniombe mara ya pili."

Akatoa alizeti mfukoni, akatafuna machozi yakimtoka. Maganda akayatemea ndani ya kofia yake, kama kijiji kizima kilivyozoea tangu Zinovia atuombe. Kofia ilipojaa akainua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya, sasa haya nimpelekee nani?"



Tinca, dada yetu, pole sana. Poleni jamaa wote wa Burlacu. Mungu ampumzishe Zinovia pema. Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu alikuomba radhi ukageukia ukutani, sasa unangoja aje tena. Huenda haji. Leo nanyamaza mapema, upate nafasi ya kumpigia simu.