Kila Chura na Jaruba Lake

"Shangazi, hawa vyura tusiwatie kwenye wasifu," anasema Agnella, binti wa marehemu, kompyuta mapajani. "Padri atasikia nini?"

Vyura hawatoki, Agnella. Miaka thelathini hapa Katindiuka wanasema mdogo wangu mchawi, anakamua vyura. Leo tunamzika, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kumsafisha jina. Andika.

Marehemu Evarist Valeriani alizaliwa Mchombe tarehe 4 Oktoba 1958, mtoto wa pili wa Mzee Valeriani na Bibi Balbina. Mimi dada yake, Yosefina, nilikuwepo. Alipolia mara ya kwanza, vyura wa bonde zima walinyamaza, wakidhani wamepata mkubwa wao.

Alisoma shule ya msingi kijijini, 1968 hadi 1974. Mimi nilibaki kufukuza ndege mpungani, na kila jioni alinifundisha alichosikia. Ndiyo maana najua kugawanya lakini sijui kujumlisha: siku ya kujumlisha alitoroka kwenda kuvua kambale.

Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na Febronia. Wifi yangu anasema alimpendea mikono, ilikuwa ya baridi hata wakati wa joto.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuosha chupa katika maabara ya utafiti mjini Ifakara. Wakubwa walipotaka vyura, wakamtuma yeye. Aliwashika kwenye majaruba ya mpunga alfajiri, akawasuuza mgongo taratibu, akachukua ute, na kabla jua halijazama kila chura alikuwa amerudi kwenye jaruba lake. Hakuwahi kukosea. Jirani yake, Mzee Beno, alimwona na ile ndoo ya bluu, akatangaza kilabuni kwamba Evarist anafuga majini.

"Shangazi, Mzee Beno atakuwepo kaburini."

Vizuri, asikie. Ndani ya ute ule mna peptidi, vijinyuzi vya dawa, kama shanga zilizotungwa. Shanga zake nyingi zina chaji ya upande mmoja, ngozi ya bakteria ina chaji ya upande wa pili, basi zinavutana. Seli zetu sisi kwa nje hazina chaji hiyo ya kutosha, kwa hiyo peptidi inazipita bila hata salamu. Ikishanasa kwa bakteria inajisokota: ubavu unaopenda mafuta unazama kwenye ngozi yake, ubavu unaopenda maji unabaki nje. Zikijazana, ngozi inatoboka, na bakteria anavuja mpaka anakwisha. Uchawi uko wapi hapo?

Siku aliyonieleza hayo nilimwambia, "Basi hiyo ni wewe, Evarist. Ubavu mmoja kanisani, mwingine kwenye pombe ya ulanzi."

Akajibu, "Ndiyo maana sing'oki, dada."

Alistaafu mwaka 2018, ila vijana wa maabara hawakuacha kumfuata, maana wao vyura wanawaponyoka. Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 10 Machi 2026, akiwa na miaka 67. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Dada, kwenye ndoo amebaki mmoja. Mrudisheni." Jaruba lipi, hakuwahi kulitaja. Wajukuu wanaiogopa ndoo ile; nao wameyasikia ya Mzee Beno. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ataondoka akiwa na deni kwa chura.

Ameacha mke, Febronia, watoto watatu, Agnella, Beatus na Teddy, wajukuu saba, na dada mmoja mwenye mdomo. Bwana amrudishe nyumbani kwa mikono ya upole, kama yeye alivyowa—

"Hodi."

Mzee Beno yuko mlangoni. Kofia kwapani, suruali imekunjwa hadi magotini, matope mpaka kwenye viwiko. Mkononi ana ile ndoo ya bluu.

"Poleni," anasema. "Yosefina, nimesikia alichoagiza marehemu. Huyu chura nimezunguka naye majaruba matatu tangu asubuhi. Kote anakataa kuruka. Nisaidie, mama. Evarist alimtoa wapi huyu?"